Pikapu kubwa iliyotumika kwa kuvuta trela Marekani: ipi ununue, ipi uiache

Watu wetu wengi waliopo Texas, Ohio, Arizona na Maine wameingia kwenye biashara ya magari. Wananunua kwenye minada ya Copart na IAA, wanayatengeneza, kisha wanayauza hukohuko au wanayafikisha bandarini Houston na Baltimore yapakiwe melini. Anayepeleka Kongo ana nafuu: kule usukani uko kushoto kama Marekani, kwa hiyo RAV4 ya Dallas inaingia Goma au Lubumbashi kama ilivyo. Lakini kutoka mnadani hadi nyumbani, na kutoka nyumbani hadi bandarini, gari lisilowaka linahitaji kuvutwa, na kulipia usafiri kila mara kunakula faida yote. Hapo ndipo watu huanza kuulizana kuhusu pikapu.

Kama unavuta mara moja kwa miezi, usinunue. Kodi. Trela ya kubebea gari ya U-Haul, kampuni ya kukodisha magari na trela, inaruhusu gari lisilozidi paundi 5,290, hivyo Camry, RAV4 na hata Highlander zinapanda. Land Cruiser 200 haipandi, maana yenyewe ina paundi zipatazo 5,800. Kama unavuta kila wiki, nenda moja kwa moja kwenye pikapu ya daraja la 2500, yaani nzito kuliko zile za 1500 au F-150, yenye injini ya petroli. Ugumu wa kuchagua uko kwa walio katikati, wanaovuta mara mbili tatu kwa mwezi na wanaoitaka gari hiyohiyo ipeleke watoto shule.

Soma mlango kwanza

Muuzaji atakuambia, "Hii inavuta paundi elfu kumi na moja." Mwache amalize, kisha fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo. Kuna stika nyeupe yenye mstari wa njano, ile inayoonyesha upepo wa tairi. Juu yake imeandikwa uzito wa watu na mizigo ambao haupaswi kuzidishwa. Namba hiyo ni ya gari hilo ulilosimama mbele yake, si ya tangazo la kampuni, na mara nyingi ndiyo inayokwisha kwanza kabla nguvu ya injini haijakwisha.

Sababu ni kwamba trela hailali yote kwenye matairi yake. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inakandamiza huki ya pikapu, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo uliobebwa. Ukiupunguza chini ya asilimia 10, trela huanza kuyumba barabarani, na kuyumba huko kumeshaua watu.

Tufanye hesabu. F-150 ya milango minne ina stika ya paundi 1,650. Wewe na mwenzako mna 360. Huki, jeki, minyororo, mikanda na betri ya akiba, tuseme 200. Zimebaki 1,090. Sasa pandisha ile Land Cruiser ya paundi 5,800 kwenye trela ya chuma yenye paundi 2,600, jumla 8,400. Asilimia 12 yake ni paundi 1,008. Umebakiwa na paundi 82 tu, na injini hata haijaanza kulalamika.

Chukua upande wa pili Ram 1500 ya kifahari, viti vya ngozi, paa la kioo, rimu kubwa. Kila pambo lina uzito wake, na si ajabu kukuta stika ya paundi 1,200. Toa zile 560 za watu na vifaa, zinabaki 640. RAV4 ya paundi 3,500 juu ya trela ya 2,000 inakandamiza 660. Umeshapita kiwango kwa kubeba RAV4! Ndiyo maana pikapu ya kazi yenye viti vya kitambaa mara nyingi ni bora kuliko ndugu yake wa bei kubwa.

Trela nayo ina kikomo chake. Ile ya kawaida yenye ekseli mbili za paundi 3,500 inaruhusiwa paundi 7,000 pamoja na uzito wake yenyewe, kwa hiyo Land Cruiser inataka trela ya 10,000.

Jambo jingine la kuuliza ni meno ya difu, yaani uwiano wa gia za ekseli ya nyuma. Ram nyingi zina 3.21, na Silverado 1500 za 2014 hadi 2018 zipo zenye 3.08. Hizo ziliwekwa kuokoa mafuta, na uwezo wa kuvuta hupungua kwa maelfu ya paundi ukilinganisha na gari lilelile lenye 3.73 au 3.92. Namba ya utambulisho wa gari (VIN) itakupa jibu kwa muuzaji rasmi wa kampuni husika.

Ya kwanza: Silverado 2500HD au Sierra 2500HD ya petroli, lita 6.0, 2011 hadi 2019

Hii haina urembo. Inakunywa mafuta, na ikiwa na mzigo usitarajie zaidi ya maili 10 kwa galoni. Lakini injini ni ya zamani kwa maana nzuri, mafundi wanaijua, spea zipo kila kona, na giaboksi yake ya gia sita imetengenezwa kwa kazi nzito. Stika ya mlangoni mara nyingi inapita paundi 3,000 kwa zile zisizo na makorokoro, na hapo hesabu yote ya juu inageuka kuwa kitu cha kawaida. Nyingi zilikuwa za makampuni ya ujenzi au umeme, nyeupe, zenye kumbukumbu za matengenezo. Chukua hiyo kabla ya ile nyekundu iliyoinuliwa na kuwekewa matairi ya matope.

F-250 yenye lita 6.2 ya petroli inakaa nayo bega kwa bega. Ukiipata karibu na nyumbani ikiwa na historia safi, nunua bila kusita.

Ya pili: Toyota Tundra 5.7, 2014 hadi 2021

Sisi tunaipenda Toyota, na kwa injini hii mapenzi yana haki. V8 ya nguvu za farasi 381, bila tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), bila mfumo wa kuzima baadhi ya silinda. Ubaya wake ni tatu: bei haishuki, mafuta inayamaliza, na stika yake ya mlangoni mara nyingi ni ndogo kuliko ya F-150. Kwa RAV4 na Corolla inafaa sana. Kwa Land Cruiser, soma stika mara mbili.

Angalia sana kutu. Toyota ilikubali mwaka 2016 kulipia chesisi zilizooza za Tacoma, Sequoia na Tundra za miaka kadhaa, zikiwemo Tundra za 2007 na 2008. Gari lililoishi Ohio, Minnesota au Maine, ambako chumvi inamwagwa barabarani wakati wa theluji, ingia chini yake na bisibisi. Gonga chesisi karibu na springi za nyuma. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinatoa sauti butu na bisibisi inazama.

Tundra za 2022 na 2023 ni habari nyingine. Zina V6 yenye tabo mbili, na mwaka 2024 zipatazo laki moja ziliitwa zirudi kurekebishwa kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyobaki ndani ya injini kiwandani.

Ya tatu: Ford F-150, 2015 hadi 2020

Bodi ni ya alumini, hivyo gari ni jepesi na nafasi ya mzigo inaongezeka. Injini ya EcoBoost ya lita 3.5, V6 yenye tabo mbili, inavuta kwa nguvu tangu mzunguko wa chini, na mlimani inaiacha V8 nyingi nyuma. Naiweka ya tatu kwa sababu ya jambo moja: zile za 2017 hadi 2020 zinajulikana kwa kelele ya gia za kamshafti inapowashwa ya baridi, na kazi hiyo ni ghali. Nenda asubuhi, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Ikikwaruza kwa sekunde chache ikiwaka, umejua bei ya kweli ya gari hilo.

Kwa trela ya zaidi ya paundi 5,000, kitabu cha F-150 hizi kinataka huki ya kugawa uzito, siyo ile ya kawaida.

Ya nne: Silverado 1500 5.3 na Ram 1500 HEMI

Nimeziunganisha kwa kuwa ugonjwa wao unafanana. Zote huzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, na lifta (vipande vidogo vinavyosukuma vali) za mfumo huo zinakufa, zikiondoka na kamshafti. Ram ina la ziada: bolti za manifoldi ya ekzosi hukatika na kutoa mlio wa tiki-tiki unaofanana na wa lifta mbovu, kwa hiyo muuzaji atakuambia "ni bolti tu." Huenda ni kweli, lakini fundi wako ndiye wa kusema. Springi za nyuma za Ram ni za koili, zinampa abiria raha, na nyuma inainama haraka ukiweka trela. Ziende kwa anayevuta mzigo mdogo na anayepata bei nzuri kweli.

Silverado yenye lita 6.2 ya 2021 hadi 2024 ikiuzwa rahisi, ujue GM, kampuni inayoitengeneza, iliziita zirudi kurekebishwa mwaka 2025 kwa hitilafu za ndani ya injini. Weka VIN kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, ni bure, uone kama kazi ilifanyika.

Ziache

Dizeli za Ford lita 6.0 za 2003 hadi 2007 na lita 6.4 za 2008 hadi 2010, hata ukipewa kwa bei ya pikipiki. Duramax, dizeli ya GM, ya 2011 hadi 2016 ina pampu ya mafuta inayoweza kuvunjika na kusambaza vumbi la chuma hadi kwenye nozeli. Dizeli ina mahali pake kwa anayevuta magari matatu kila siku. Kwa mwenye gari moja juu ya trela, hailipi.

Kabla ya kutoa pesa

Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake; tope au doa la maji ni dalili ya mafuriko, na mafuriko ya Houston mwaka 2017 yaliacha magari mengi sokoni. NICB, taasisi ya kupambana na udanganyifu wa bima, ina huduma ya bure ya VINCheck ya kuangalia kama gari liliwahi kuibwa au kuandikwa kuwa limeharibika kabisa. Jaribu soketi ya pini 7 kwa kipima umeme, na uone kama kidhibiti cha breki za trela kipo. Kisha omba kujaribu gari ukiwa na trela. Muuzaji anayesifu uvutaji na kukataa hilo ameshajibu swali lako.

Upande wa sheria, ukivuta kibiashara kuvuka majimbo na uzito ulioidhinishwa wa pikapu na trela kwa pamoja ukafika paundi 10,001, unahitaji namba ya USDOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. F-250 na trela ya 10,000 bado ziko chini ya paundi 26,001, kwa hiyo CDL, leseni ya udereva wa kibiashara, haihitajiki. Bima ya kawaida ya gari binafsi kwa kawaida hailipi ukibeba gari la mtu kwa malipo. Piga simu kwa wakala wako umuulize hilo kwa maneno hayohayo, na umwombe jibu kwa maandishi kabla ya safari ya kwanza.