Unataka RPG ya kompyuta kwenye PlayStation? Pima maandishi kwanza

Kaka mmoja wa Soweto, Moshi, kaniandikia kwa hasira. Kanunua diski ya PS4, RPG (gemu ya kuongoza mhusika ndani ya stori ndefu) ya zile zilizozaliwa kwenye kompyuta, kaiwasha kwenye TV yake ya inchi 32, kakaa kwenye kochi na hasomi kitu. Maneno kama sisimizi. Ikabidi avute stuli mpaka pua inakaribia kugusa kioo, mama yake anapita anamuuliza macho yameanza kumsumbua lini. Na malalamiko ya hivi nimechoka kuyapokea, ndo maana naandika.

Grafiksi siziongelei, urefu wa stori siuongelei, hayo muuzaji atakuimbia bure. Mimi nauliza kitu kimoja tu, unasoma ukiwa kwenye kochi? Hizi gemu zilitengenezwa kwa mtu aliyekaa mezani, kioo anakifikia kwa mkono, kashika mausi, akitaka kujua upanga unafanya nini anapeleka mshale juu yake maelezo yanatokea. Ukileta kwenye PlayStation mausi hakuna, mchezaji yuko mita mbili tatu huko, na maelezo ni yaleyale marefu. Wengine wanabadilisha vitufe tu, maneno wanayaacha vilevile, halafu wanakuuzia.

Namba moja kwangu ni Divinity: Original Sin II ya PS4. Larian, watengeneza gemu wa Ubelgiji, nawapendelea na sijifichi. Kwenye kompyuta ilitoka 2017, PS4 na Xbox One wakaipata Agosti 2018, na kazi ilifanyika kweli: mhusika unamtembeza kwa kijiti cha padi badala ya kubonyeza ardhi, menyu zimepangwa upya, na mnacheza wawili kwenye TV moja. Hapo kwenye wawili ndo pana kasoro, skrini ikigawanyika maneno yanabanana, TV ikiwa ndogo mtakunja sura wote. Ukicheza mwenyewe mimi nasoma bila kuinuka.

Ya pili Baldur's Gate 3, haohao Larian. Kwenye kompyuta chini ya kioo kuna foleni ya vipicha vidogo vya silaha na uchawi, ukishika padi foleni inaondoka yanakuja magurudumu, unabonyeza kitufe cha R1 gurudumu linafunguka, unachagua kwa kijiti. Tamu sana. Sema ilitoka PS5, Septemba 2023, ya PS4 haipo kabisa, kwahiyo anayekwambia anayo ya PS4 msalimie uondoke.

Ya tatu Diablo III. Wazee wa RPG mtanipigia kelele kwamba pale ni kupigana tu, sawa, ila maneno ni machache na kochi halikusumbui. Kwenye kompyuta, 2012, bila intaneti huchezi hata ukiwa peke yako. Ilivyoingia PS3 na Xbox 360 mwaka 2013 hilo sharti likaondoka, wakaongeza kukwepa kwa kijiti cha kulia na watu wanne kwenye kochi moja. Kwa sisi tunaohesabu bando hiyo siyo ndogo.

Hela ikiwa ndogo, PS3 ya used na Dragon Age: Origins ya 2009. Kamera ya kutazama vita kutoka juu waliiacha kwenye kompyuta. Basi.

Sasa wauzaji. Hapa Arusha unaingia dukani rafu nzima ni mpira na GTA, RPG moja iko pembeni imeshika vumbi, ukiuliza bei tu tayari ni "original ya Dubai hiyo dada". Mpira wa mwaka juzi unauzwa bei ya kutupa, ila gemu ya 2018 ambayo wiki nzima hakuna aliyeigusa bei haishuki, eti adimu. Si adimu kwa sababu hamleti! Halafu ukiomba iwashwe ujaribu anaona umemtukana. Lazimisha. Iwashwe, ingia kwenye setingi utafute ukubwa wa maandishi, kama haupo fungua begi la mhusika, rudi nyuma mpaka mlangoni, usome maelezo ya silaha yoyote kwa sauti. Akikwambia TV yake ndo ndogo, muulize kwani anadhani nyumbani kwako ni uwanja wa Sheikh Amri Abeid.