Skii za familia: keria au boksi la juu ya gari?

Familia ya watu wanne inayotoka München, Ujerumani, kwenda kuteleza kwenye theluji ya Tirol, Austria, hubeba jozi nne za skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea zinazofungwa kwenye buti, na za mtu mzima hufika sentimita 170 au zaidi. Zikilazwa ndani ya gari bila kufungwa, breki moja ya ghafla yaweza kuumiza mtu.

Keria ya kubana skii juu ya paa ni nafuu na nyepesi, na zile pana hubeba hadi jozi sita. Tatizo ni kwamba skii zinabaki wazi. Wakati wa baridi barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na maji hayo hurukia kingo za chuma na vifungio vya buti, kutu ikaanza mapema. Ukiitumia, ncha zilizopinda zielekee nyuma, na ukifika zifute zote.

Boksi ni ghali, tena linaongeza kimo cha gari. Angalia kabla ya kuingia maegesho ya chini ya jengo. Hata hivyo mimi ningelichagua. Linafungwa kwa ufunguo, linameza skii, fimbo za kujisukumia na makoti mazito, na watoto wanapata pa kunyoosha miguu. Pima tu urefu wake wa ndani, na usizidishe uzito wa juu ya paa ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.