Kuvua milango ya Jeep nyumbani: peke yako au wawili?

Unataka kupita ufukweni Msimbati na Jeep Wrangler isiyo na milango. Uivue peke yako au uite mwenzako? Kazi ya spana ni ileile: teremsha vioo, fungua boliti za bawaba kwa soketi ya nyota T50, chomoa plagi ya nyaya, achia mkanda unaozuia mlango. Tofauti iko kwenye kunyanyua.

Mlango hutoka kwa kupandishwa wima. Ukiwa peke yako unabeba uzito wote huku ukichunga pini mbili za bawaba, na ukiyumba kidogo tu rangi inachubuka. Huku Mtwara kuna la ziada: chumvi ya bahari huleta kutu kwenye bawaba, mlango unagoma, kisha unachomoka ghafla. Mkiwa wawili, mmoja anashika karibu na bawaba, mwingine upande wa kitasa. Mimi nasema wawili, na hasa wakati wa kurudisha. Peke yako labda mlango mdogo wa pembeni wa nyuma, bawaba zikiwa na grisi.

Kwa njia yoyote, saitimira huondoka na mlango. Funga nyingine kabla hujashika barabara ya Mikindani.