Laptopu hadi TV: Ununue Waya Gani?

Kabla hujatoa hata shilingi, washa tochi ya simu uchungulie ubavu wa laptopu na mgongo wa TV. Piga picha kote kuwili, uende nazo dukani. Mimi nilienda Kariakoo na maneno matupu, "nataka kitu cha kuunganisha laptopu na TV", nikarudi na kiboksi cha kutoa picha HDMI (tundu la kisasa la picha na sauti) kwenda VGA (tundu la zamani la picha), wakati laptopu yangu ilikuwa ndiyo yenye VGA. Viboksi hivyo kwa macho ni mapacha, ila picha hupita upande mmoja tu. Na risiti ilishaandikwa: mali ikiuzwa hairudishwi.

1. Waya wa HDMI

Laptopu ikiwa na tundu hili, mjadala umeisha. Waya mmoja unabeba picha na sauti, hauli bando, hautaki programu yoyote. Muuzaji atakusifia wenye kichwa cha dhahabu. Mpe tabasamu tu. Mawimbi yake ni ya dijitali, kwa hiyo dhahabu haiongezi ung'avu wa picha. Angalia maandishi kwenye pakiti: "High Speed" inatosha kabisa kwa Full HD, na kama TV yako ni ya 4K na unataka picha laini ya 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, tafuta "Premium High Speed".

Jambo wanalokosea wengi ni urefu. Chukua kamba, pima kutoka nyuma ya TV, ushuke ukutani, hadi pale laptopu itakapokaa, kisha uongeze nusu mita ya kukunja kona. Vyumba vingi vinaridhika na mita 3. Ukivuka mita 5 usichukue wa bei ya chee, maana picha huanza kukatikakatika. Ukiwa bado dukani, shika kichwa cha waya ukitikise kidogo. Kikicheza, rudisha kwenye rafu.

2. Flashi

Najua hukuuliza. Lakini kama video zako ni mafaili tayari, ziweke kwenye flashi uichomeke kwenye TV, laptopu ibaki mezani. Flashi ikiwa ya mfumo wa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, faili linalozidi GB 4 halitaingia. Pia kuna TV zinazoonyesha picha na kukataa sauti ya baadhi ya mafaili, hivyo jaribu moja kabla ya kujaza zote.

3. Adapta ya USB-C kwenda HDMI

Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi hazina HDMI. Tatizo ni kwamba si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili basi. Tafuta pembeni yake alama ya DisplayPort, yaani D na P zilizoshikana, au radi yenye mshale. Usipoiona, soma sifa za modeli yako kwanza. Kama tundu ni hilo hilo moja, chukua adapta yenye nafasi ya kuchajia, la sivyo betri itakuaga dakika ya 70 mechi ikiwa sare.

4. Bila waya

Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K. TV janja nyingi hupokea, na kiungo chenyewe hakili bando kwa sababu vifaa vinaongea moja kwa moja. Mac hutumia AirPlay, njia ya Apple ya kurusha picha. Kwa picha za harusi ni safi. Kwa mpira, picha huchelewa kidogo, jirani atashangilia goli kabla yako. Chromecast, kile kifaa kidogo cha Google cha kuchomeka kwenye TV, huenda bado ukaikuta madukani, ingawa Google ilitangaza kuacha kuitengeneza mwaka 2024. Hiyo inataka Wi-Fi, na video ya YouTube huivuta yenyewe kutoka intaneti.

5. VGA, na TV za chogo

VGA haibebi sauti. Nunua kiboksi cha VGA kwenda HDMI chenye mkia wa USB wa kuvuta umeme na waya wa sauti wa kuchomeka kwenye tundu la spika za masikioni. Mwenye TV ya chogo atafute kiboksi cha HDMI kwenda AV, ile ya njano, nyeupe na nyekundu. Sinema itaonekana, maandishi madogo sahau.

6. Adapta ya USB ya kawaida kwenda HDMI

Iwe ya mwisho kabisa. Inataka kusakinishiwa programu, inaichosha laptopu, na sinema za kulipia huweza kugoma.

Ukishaunganisha, chagua kwa rimoti tundu ulilochomeka, kisha bonyeza Windows na P uchague picha ionekane wapi. Sauti ikibaki kwenye laptopu, gusa alama ya spika uchague TV. Na kama kingo zimekatwa hadi matokeo ya mechi yaliyo kwenye kona hayaonekani, ingia kwenye mpangilio wa picha wa TV, sehemu ya ukubwa wa skrini, uchague "Just Scan" au "Screen Fit".