Nyumba ya mlowezi, Fort Portal, Uganda: nendeni, na muulize laini za vibarua ziko wapi

Jumamosi nililala katika nyumba ya zamani ya mkulima Mwingereza, nje kidogo ya mji, ambayo sasa ni ya wageni. Babu yangu alitoka Kigezi kwa miguu kuja kuchuma kahawa ya Wazungu huku Toro, kwa hiyo sikwenda kutalii tu.

Chumba ni safi, maji ya moto yapo, katogo ya asubuhi (mchanganyiko wa matoke) ilikuwa tamu. Lakini kinachostahili pesa yako ni matembezi na mwongozaji, shilingi 20,000. Mama huyo aliniuliza empaako yangu, jina la heshima la Watoro. Nikasema sina, akanipa Amooti papo hapo, na tangu hapo nikawa Amooti hadi naondoka.

Anaifahamu kazi yake. Barazani, Rwenzori ikiwa mbele yetu, alinieleza jinsi mlowezi alivyoishi: mche wa kahawa unamngojesha miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, naye anakula mkopo, anameza kwinini, na soko liko ng'ambo ya bahari. Mwaka 1920 rupia, fedha ya hapa wakati huo, ikapandishwa kutoka shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza hadi shilingi 2. Kahawa inauzwa London kwa pauni, deni na mishahara ni kwa rupia. Mzigo ukaongezeka kwa nusu bila yeye kukopa hata senti. Bei ya kahawa nayo ikaanguka, wengi wakafilisika. Tena hapa hapakuwa Kenya: walowezi walikuwa wachache, na serikali ilitegemea zaidi pamba ya wakulima wenyeji. Nilikuwa sijawahi kumfikiria Mzungu wa shamba akikosa usingizi kwa deni. Nilimhurumia, kweli.

Ila matembezi yanaishia jikoni. Nikauliza: vibarua walilala wapi? Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Twende, Amooti." Nyuma ya mikaratusi imebaki laini moja, safu ya vyumba sita. Nilipima kimoja kwa hatua: nne kwa tatu. Mafiga matatu bado yapo pembeni, na ukuta juu yake ni mweusi kwa moshi. Alisema vijana wanne walilala humo, wakipika kwa zamu.

Nilikaa pale kuliko nilivyokaa barazani.

Wenye nyumba, nawaomba: toeni kuni mlizorundika mle ndani, na matembezi yaanzie huko.