Joho la taulo au la manyoya, lipi linafaa baridi ya Mbeya?

Mwezi wa sita mpaka wa nane asubuhi za huku ni balaa, mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joho la kuvaa nyumbani sio urembo jamani. Mitumba ya Mwanjelwa utayakuta yote mawili.

La taulo ni pamba, vile vitanzi vyake vidogo vinanyonya maji, ukitoka kuoga unalivaa hivyo hivyo unafunga mkanda basi. Shida kukauka. Ukilifua linachelewa, hasa kwapani, na watu wa Tukuyu na mvua zao ndo usiseme.

La manyoya ni polista, halinyonyi maji, ukilivaa umelowa unabaki umelowa, ila juu ya nguo za kulalia linatunza joto balaa, jepesi, na likifuliwa linawahi kukauka. Mi kwa hapa nachukua hili. Ila jikoni vua! Polista ikishika moto inayeyuka na kugandia kwenye ngozi, na ile mikono mipana ndo inapita juu ya mkaa kila ukigeuza chapati. Pamba nayo inaungua, ila haiyeyuki.

Wababa wanalivaa na soksi mpaka getini kununua maandazi, wamama wengi wanatupia khanga juu. Ukinunua mtumba cheki mkanda kwanza, mengi yanakuja bila, japo ukifunga kipande cha kitenge nani atakuuliza.