Orodha ya onyo ya FCA: inafaa, ila usiishie hapo

Ukiishi Uingereza na mgeni akakupigia akinadi hisa au sarafu za kidijitali, orodha ya onyo ya FCA (mamlaka inayosimamia huduma za fedha nchini humo), inayotaja kampuni zisizo na idhini au za kitapeli, ni bure na hutafutwa kwa jina la kampuni. Kasoro yake kubwa: jina kukosekana humo si kibali, maana matapeli hubadili majina upesi. Wabaya zaidi huiba jina na namba ya usajili ya kampuni halali. Kwa hiyo kata simu, fungua rejista ya FCA ya kampuni zilizoidhinishwa, upige namba iliyoandikwa humo, si ile aliyokupa mpigaji. Kuripoti kwa FCA ni 0800 111 6768. Umeshatuma pesa? Anza na benki yako mara moja. Benki nyingi hupatikana kwa kupiga 159.